Mtoto Niliyemwita kwa Jina la Babu Yake

Lanzhou, China
Mwezi wa sita

Kwako Baba, mwalimu wangu wa kwanza,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Goti lako linaendeleaje? Bado linatabiri mvua kuliko redio? Na Mama, kifua chake kimepona baada ya lile vumbi la kupura ndengu? Nilimwambia dada Ndinda awanunulie barakoa mkipura, akanijibu kwamba Mama amesema hajawahi kuona mtu akifunga mdomo shambani isipokuwa ng'ombe wa jirani asile mahindi. Hapo nikajua ni mzima.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatusikilizani tena. Ninasema neno, unasema "eh?", nami nasema "eh?", mpaka Ndinda anakunyang'anya simu. Barua hii ataileta Hassan, yule kijana wa Mwingi niliyewahi kukutajia, ambaye baba yake anauza mbuzi kando ya barabara ya Garissa. Anasomea uhandisi hapa na anakuja likizo. Ameahidi kuifikisha mpaka mkononi mwako, kwa hiyo mpeni muthokoi ashibe, maana miaka mitatu sasa tunakula tambi pamoja na kila siku ananiambia nyama ya Mwingi ni tamu zaidi, huku anamaliza bakuli.

Utaona nimejitahidi na Kiswahili. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba Kikamba ni cha kuongea na barua ni ya Kiswahili. Nakuomba tu usiisahihishe kwa kalamu nyekundu mbele ya Mama.

Mimi sijambo. Ninakula, ninalala, baridi imeisha na sasa kuna jua la kukausha nguo kwa saa moja. Lakini nakujua: barua yoyote wewe huanza kuisoma ukurasa wa mwisho ili uone kama kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Ila mwezi wa tatu nilikuwa karibu kufungasha na kurudi nyumbani bila shahada, kwa kosa la mdomo wangu mwenyewe, na sikuwaambia. Niliogopa. Nilikumbuka ile Jumapili uliyosimama kanisani ukasema, "Binti yangu anaenda China kusoma lugha yao, desturi zao na historia yao," na namna watu walivyopiga makofi ya kusitasita. Nilimkumbuka pia Baba mdogo Musau pale nje baada ya ibada: "Sasa Mwalimu, hiyo Kichina itatusaidia na nini? Kichina iko nyuma ya kila tochi hapa sokoni na hakuna mtu amewahi kuisoma. Si angeenda tu nursing kama wenzake?" Ulimjibu kwamba mtu asiyesoma nyuma ya tochi ndiye huweka betri kinyume. Nilijivunia sana siku hiyo, na mwezi wa tatu nilikuwa naona jinsi nitakavyokuaibisha.

Acha nianze mwanzo ili uelewe.

Mji huu uko mahali pakavu. Mto Manjano unapita katikati, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, lakini ukipanda milima ya pembeni ni udongo mtupu, wa njano, unaobomoka ukiukanyaga. Na juu ya milima hiyo, Baba, kuna matuta. Mara ya kwanza kuyaona nilikuwa ndani ya basi na nikasimama bila kujua nimesimama. Matuta yamechimbwa kwa majembe na vikundi vya watu wa kijiji, tuta juu ya tuta mpaka kileleni, sawasawa na yale ambayo Mama na wanawake wa kikundi cha mwethya walichimba kule kwetu wakiimba. Watu hapa wamepanda mtama na viazi. Nilikuja China nikidhani nitaona maghorofa tu, na nimeyaona, lakini yaliyonifanya nihisi kwamba naweza kuishi hapa ni yale matuta.

Masomo yalikuwa magumu. Mwaka wa kwanza niliandika herufi moja mara mia na kesho yake nikaisahau. Mwaka wa pili nikaanza kuota ndoto za Kichina, ingawa ndotoni nilikuwa nakosea pia. Mwaka wa tatu wakatuingiza kwenye Kichina cha kale, ambacho hata Wachina wenyewe wanakikunia kichwa. Hapo ndipo nilipowaka. Siku moja katika jumba la makumbusho nilimkuta mzee mmoja amesimama mbele ya jiwe la kale lenye maandishi, anasoma kwa sauti, akakwama. Nikamsomea herufi iliyomshinda. Alinitazama, akalitazama jiwe, akanitazama tena, kisha akasema tu, "Basi endelea." Nikaendelea mpaka chini. Baba, acha niringe kidogo, kwa kuwa hapa hakuna wa kumringia: mimi, binti wa Kathonzweni, nilimsomea Mchina jiwe la babu zake.

Mawe hayo ndiyo niliyoyachagua kwa tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho. Zamani katika nchi hii ilikuwa kosa kubwa kuandika au kutamka jina la mfalme. Hata jina la baba yako au babu yako hukulitamka. Karani aliyefika mahali ambapo herufi ya jina la mfalme ilihitajika aliiandika bila mstari wa mwisho, au akatafuta nyingine. Mtu aliweza kupoteza kazi au kichwa. Nilizunguka na daftari nikihesabu herufi zilizokatwa mkia. Msimamizi wangu alikuwa Profesa Qiao, mtu wa miaka sitini na kitu, mkali kwa kalamu lakini mpole kwa maneno. Bila sahihi yake nisingeweza kusimama mbele ya jopo kuitetea kazi, na bila kuitetea, ufadhili unaisha mwezi wa sita na mtu anarudi kwao mikono mitupu.

Katika utangulizi niliandika sentensi moja niliyoipenda sana. Niliandika kwamba desturi hii ya kukwepa majina ilikwisha pamoja na wafalme. Ikumbuke sentensi hiyo.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili Profesa Qiao alipata mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa kiume wa mtoto wake wa kwanza wa kiume. Mtoto akifikisha mwezi mmoja hapa hufanyiwa sherehe: ananyolewa nywele, wageni wanapewa mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, na kila mgeni anamtamkia mtoto neno la heri. Profesa alinialika mimi peke yangu kati ya wanafunzi wake. Sherehe ilikuwa kijijini kwao, saa mbili kwa basi, kule kule kwenye matuta. Nilivaa vizuri. Nilibeba kile kiondo cha kahawia na nyeupe alichonisukia Mama, nikampa mke wa Profesa, na wanawake wote wakakizunguka wakikigeuza kutafuta mahali uzi ulipoanzia. Nilikaa nikijiona mtu.

Zamu yangu ikafika. Wakanipa mtoto mikononi. Sasa, Baba, wewe niambie: mtoto wa kwanza wa kiume wa kifungua mimba, amelala mikononi mwako, na babu yake amekaa pale mbele anatabasamu. Mkamba yeyote ataona nini hapo? Ataona babu wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Sikufikiri hata kidogo. Mdomo ulijiendea wenyewe. Nilimwinua mtoto nikamsalimu kwa jina la Profesa, lile jina lake la kuzaliwa, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. Kisha nikamgeukia Profesa nikamwambia, kwa Kichina kizuri kabisa, kwamba sasa hata akifa hatapotea, kwa sababu jina lake limeshapata miguu mingine.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimejifunza.

Mtu mmoja aliweka yai lake mezani. Mama mzazi wa Profesa, bibi wa karibu miaka tisini aliyekuwa amekaa karibu na jiko, aliinuka kwa fimbo yake, akaja mpaka nilipokuwa, akanitoa mtoto mikononi na kuondoka naye chumba cha ndani. Baba wa mtoto aligeuza uso ukutani, na shingo yake ilikuwa imewiva. Mke wa Profesa akasema, "Tuleni, chakula kinapoa."

(Sehemu hii ukimsomea Mama, isome polepole, maana najua atacheka mpaka akohoe, na kifua hakijapona sawasawa.)

Ni pale nilipokaa na bakuli langu ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mwaka mzima nilikuwa nahesabu kwenye mawe herufi zilizokatwa kwa kuogopa majina. Mtihani wa swali hilo niliupita kwa alama za kusifiwa mbele ya darasa. Halafu nikaingia sebuleni kwa mwalimu wangu, nikamchukua mjukuu wake, nikampa jina la babu yake hadharani kama mtu anayempiga babu kofi, na nikamtajia kifo juu yake. Kitabuni nililijua jambo hilo, ila sikujua kwamba linaishi kwenye nyumba za watu. Nilirudi mjini kwenye basi nikiangalia viatu vyangu.

Wiki tatu Profesa hakunijibu. Nilimpelekea sura ya nne, kimya. Nilipita ofisini kwake, mlango umefungwa. Wenzangu walikuwa wanapata sahihi mmoja baada ya mwingine. Hassan alinishauri niende nikapige magoti. Nikamwambia sisi hatupigi magoti. Akaniuliza, "Sasa nyinyi mnafanya nini mkimkosea mzee?" Kwetu ningekutuma wewe uende na wazee wawili na mbuzi, na hapa sikuwa na wewe, wala wazee, wala mbuzi.

Mwishowe nilifanya unachofanya wewe ukikwama, nikachukua karatasi. Nilimwandikia Profesa barua kwa mkono, kurasa tano za herufi. Sikujitetea. Nilimwambia nimekosa, kisha nikamweleza kosa limetoka wapi. Nilimwambia kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba yake, na kwamba mimi ni Syombua kwa sababu mama yako aliitwa Syombua. Nilimwambia kwamba tangu nizaliwe hujaniita binti yangu ukiwa nyumbani. Unaniita Mwaitu, yaani mama. Nilimwambia hukunipiga hata siku moja, hata ile siku niliyoachia mbuzi wakaingia kwenye kunde za kanisa, kwa sababu ulisema hakuna mtu anayempiga mama yake, ukaniacha kwa Mama ambaye hakuwa na udhuru huo. Nilimwambia kwamba Susu, yaani bibi yangu huyo, alikufa kabla sijazaliwa, lakini jina lake linaitwa nyumbani kwetu kila siku, linatumwa maji, linaulizwa kama limekula. Nilimwandikia kwamba kwetu kulikwepa jina la mzee ni kumzika mara ya pili, na kwamba nilipomwinua mjukuu wake nilikuwa nampa Profesa kitu kikubwa kuliko vyote tulivyo navyo, nikasahau kuuliza kama kwake ni zawadi au ni tusi. Niliisukuma barua chini ya mlango wake nikaondoka haraka.

Siku nne baadaye aliniita. Nilimkuta na tasnifu yangu mezani, imefunguliwa kwenye utangulizi. Ile sentensi yangu niliyoipenda ilikuwa imezungushiwa duara. Hakuitaja sherehe. Aliweka kidole juu ya sentensi akaniuliza, "Bado unaamini kwamba desturi hii ilikwisha pamoja na wafalme?"

Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Nimeiona ikiwa hai."

"Basi iondoe sentensi hii. Na uandike sura moja zaidi. Mawe haya yameandikiwa vitabu na wasomi wetu wengi, hayatakufa wewe usipoyagusa. Lakini hiki," akatoa barua yangu kwenye droo, "hakuna mtu katika idara hii anayeweza kukiandika isipokuwa wewe." Halafu, wakati nimeshashika mlango, akaongeza kwamba mama yake anataka nije kijijini siku ya kufagia makaburi. Nikamuuliza kama bado amekasirika. Akasema, "Sijui. Mama yangu hanielezi mambo yake."

Sura hiyo niliiandika kwa wiki tano. Ndiyo maana nilikuwa nampigia Ndinda akuulize maswali yasiyoisha: nani huanza kupewa jina, upande wa baba au wa mama, mtoto akizaliwa wakati wa mvua au njaa inakuwaje, na kama mtoto anaweza kupewa jina la rafiki mliyechanjiana damu. Mlidhani nimeanza kujiandaa kuzaa. Mama alimuuliza Ndinda Mchina huyo anaitwa nani. Mwambieni hakuna Mchina. Yalikuwa ni majibu yako, Mwalimu, yameandikwa kwa Kichina, na jina lako liko kwenye ukurasa wa shukrani, limeandikwa lote bila kukatwa mkia.

Jopo lilikaa mwezi wa tano. Walikuwa watu watano, na mimi nimesimama mbele yao. Waliniuliza kuhusu mawe, nikajibu. Waliniuliza kuhusu herufi tatu ambazo nilikuwa nimezisoma tofauti na kitabu, nikazitetea, na moja nikakubali nimekosea. Kisha mwalimu mmoja wa kike kutoka idara nyingine, ambaye uso wake haukuwa umecheka tangu asubuhi, akauliza, "Kama mtoto ndiye babu, na babu hakaripiwi, nani humlea mtoto?" Nikasema, "Mama yake. Ndiye mtu pekee nyumbani asiye mtoto wa huyo mtoto." Waliangua kicheko wote, hata yeye, na nikajua mguu umegusa chini.

Baba, nimefaulu. Wamenipa daraja la juu, na sura ya majina ya Wakamba wamesema itachapishwa katika jarida la idara. Nimepata pia nafasi ya kuendelea na shahada ya pili, ufadhili ukiwa juu ya chuo. Mpelekee Baba mdogo Musau habari hiyo pole pole, ukianza na tochi. Nakuambia wazi kwamba ninajivuna, na sioni haya. Ninajivunia nafsi yangu kidogo na ninakujivunia wewe sana, kwa sababu Profesa Qiao alisema mbele ya jopo kwamba sura ile ina msingi kwa kuwa "baba wa mwanafunzi huyu ni mwalimu anayejibu swali aliloulizwa, si swali alilotaka kuulizwa." Hajawahi kumsifu mtu hivyo. Baba wa yule mtoto, kwa upande wake, bado ananisalimu kwa nusu mdomo. Simlaumu.

Nisalimie Mama, na umwambie kiondo chake kinaning'inia ukutani kwa Profesa, kimewekewa vitunguu saumu. Nisalimie dada yangu Ndinda, daktari wetu wa Kibwezi ambaye anasema yeye ni muuguzi tu. Bila kukimbia kwake kati ya simu na goti lako tasnifu hii isingekuwepo. Msalimie Baba mdogo Musau na mke wake aliyenipa sweta ya safari, imenisitiri baridi nne. Wasalimie wanawake wa mwethya, na mchungaji, na uwaambie wale waliopiga makofi ya kusitasita kwamba nayapokea sasa.

Limebaki jambo moja, na hili ni ombi kwako kama mwenye boma.

Siku ya kufagia makaburi nilikwenda kijijini kama nilivyoitwa. Profesa na wanawe walipanda mlimani kwenye kaburi la baba yake. Bibi hakwenda, miguu haipandi tena. Alikuwa amekaa uani anakata viazi vya mbegu, kila kipande kiwe na jicho lake, kisha anakipaka majivu kisioze. Akanipa kisu. Tulikata muda mrefu. Kichina chake ni cha kijijini na hana meno ya mbele, kwa hiyo ilibidi nisikilize kwa mwili mzima.

Aliniambia, "Mwanangu amenisomea barua yako mara mbili. Huyo baba yako anakuita mama. Wewe unaitika?"

Nikasema ninaitika.

"Anakuheshimu au anakutania?"

"Vyote viwili, Bibi."

Akatikisa kichwa, akakata kiazi kingine. Kisha akaniambia kwamba aliolewa akiwa na miaka kumi na saba na hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Mwanzoni alimwita "wewe". Alipozaa akamwita "baba wa mtoto". Alipokufa, na ni miaka mingi, watu wote wakaanza kusema "marehemu". Hii niliielewa, Baba, maana Mama hajawahi kukuita jina lako mbele yetu. Wewe ni Mwalimu nyumbani na Mwalimu sokoni. Lakini wewe jina lako kuna wajukuu watakaolibeba. La mumewe halibebwi na mtu, kwa kuwa kwao kumpa mtoto jina hilo ni tusi.

"Limeandikwa kwenye jiwe kule juu," akasema, "lakini mimi sijui kusoma. Kwa hiyo kwangu mimi haliko popote."

Nikachovya kiazi kwenye majivu.

Akaniuliza, "Kwenu kuliita jina la mtu aliyekufa si matusi?"

"Si matusi. Ni kumkaribisha."

Akaangalia mlangoni kuhakikisha wanawe hawajashuka. Akanivuta shingo kwa mkono wake wenye majivu mpaka sikio langu likawa mdomoni mwake, akanitajia. Alilitamka polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Alipomaliza akasema, "Lipeleke kwenu. Nasikia mna milima. Liite mara moja, kwa nguvu, halafu urudi uniambie kama kuna mtu alikasirika."

Baba, sijaliandika popote. Sikumwambia Profesa, wala Hassan. Nitafika nyumbani mwezi wa nane, na sipendi kumleta mtu bomani kwako bila kukuuliza kwanza. Ukiniruhusu, nitapanda mpaka tuta la juu kabisa, lile Mama alilochimba mwaka wa njaa, na nitaliita jina la mume wa yule bibi. Majirani wakiuliza Syombua anamwita nani, waambie ni mgeni wangu, tumetoka naye mbali, na tunamngoja aitike.

Ni mimi binti yako nje, na ndani mama yako,

Syombua